Mchikichi, Mlima na Maji ya Ziwa
Maelezo juu ya ardhi ya Kizuka na pwani ya Rumonge



Mgeni atokaye Bujumbura kwa njia ya kusini, akisha kupita Magara na Minago, huingia katika nchi ya michikichi. Mkono wake wa kulia ni ziwa, mkono wake wa kushoto ni mlima, na katikati, katika ukanda mwembamba wa tambarare, imesimama miti hiyo safu kwa safu hata Rumonge na kupita. Kwa mzaliwa wa Kizuka jambo hilo halina ajabu, kwani mchikichi aliukuta uani kwa babu yake. Lakini mjuzi wa mimea akiitazama nchi hii hana budi kustaajabu. Asili ya mchikichi ni nchi za Afrika Magharibi, kando ya ghuba ya Gine, ambako mvua hunyesha karibu mwaka mzima. Ili uzae vema, mti huu hutaka mvua ya milimita 1,800 hata 2,000 kwa mwaka, tena iliyogawanyika mwezi kwa mwezi. Pwani ya Rumonge haipati kiasi hicho. Tambarare ya Imbo hupata milimita 800 hata 1,200 hivi, na tangu Juni hata Septemba mbingu hufunga, majani hukauka, na vumbi la barabarani hukaa juu ya makuti.

Basi mti huu wanywa wapi? Hilo ndilo swali, na jibu lake si la darasani tu, maana ndani yake mna mafuta, samaki na kipande cha ardhi cha kila nyumba ya pwani hii.

Kwanza yafaa kuondoa dhana moja. Wako wasemao kwamba michikichi ililetwa na serikali. Sivyo. Richard Burton, Mwingereza aliyefika Ujiji pamoja na Speke mwaka 1858, aliandika habari za mti huu na mafuta yake katika nchi za kando ya ziwa. Kilichokuja nyuma ni aina ya tenera, yenye kokwa la ganda jembamba na nyama nyingi, iliyoenezwa na mpango wa serikali wa Rumonge katika miaka ya 1970 na 1980. Mti wenyewe ulikwisha kuizoea nchi zamani.

Sasa itazamwe nchi ilivyopangwa. Uso wa ziwa u juu ya bahari kwa mita 770 na ushei. Kutoka ufukoni kwenda mashariki ni tambarare fupi, kisha mteremko mkali, kisha milima ya Bururi ipitayo mita 2,000. Mchana, jua hupasha nchi kavu upesi kuliko maji, hewa ya nchi kavu hupanda, na upepo wa ziwani huingia mahali pake ukichukua mvuke. Upepo huo ukifika mlimani hauna njia ila kupanda. Ukipanda hupoa, na ukipoa mvuke wake hugeuka wingu. Ndiyo sababu huko juu hupata mvua nyingi zaidi, milimita 1,400 na kupita mahali pengi, hali tambarare iliyo karibu na maji yote yale hupata kidogo. Usiku mambo hugeuka, upepo hushuka kutoka mlimani kwenda ziwani, na mvuvi wa ndagala hahitaji kuelezwa habari hiyo na mtu yeyote.

Maji yaliyoshuka mlimani hurudi kwa njia mbili. Njia ya kwanza huonekana kwa macho: ni mito kama Murembwe na Dama, pamoja na vijito visivyo na majina makubwa. Njia ya pili haionekani. Ni maji yapenyayo ndani ya udongo wa mlima, yakashuka polepole chini ya miguu ya watu, mengine yakatokea katika chemchemi, mengine yakaingia chini ya tambarare yakiunyevusha udongo kutoka chini. Mchikichi wa tambarare, basi, hunywa mvua mbili: mvua iliyouangukia wenyewe, na mvua iliyoangukia mlima. Hiyo ya pili ndiyo iuvushayo mti katika kiangazi. Na kila kitu kitendwacho mlimani, chema au kibaya, hufika shambani kwa mtu aliye chini, hata ikiwa hajapata kuupanda mlima huo maishani mwake.

Hapa pana jambo ambalo wakulima wengi wameliona bila kulipa jina. Mwaka hupita wenye mvua nzuri, lakini mikungu ni michache; mwenye shamba hulaumu mbegu, au mbolea, au jicho la jirani. Sababu yaweza kuwa ya mwaka mwingine kabisa. Katika kwapa la kila kuti la mchikichi hutoka shada moja la maua, ama la kiume ama la kike, na la kike peke yake ndilo lizaalo mkungu. Mti huamua jinsia ya shada hilo mapema mno, kiasi cha miaka miwili kabla halijafunuka. Mti uliopata kiu wakati huo hutoa maua ya kiume kwa wingi. Baada ya ua la kike kufunuka, mkungu nao huchukua miezi mitano au sita kuiva. Hesabu ikijumlishwa, kiangazi kikali cha mwaka huu hulipwa kwa upungufu wa mafuta baada ya miaka miwili na zaidi. Mti huu una kumbukumbu ndefu kuliko ya mwenye shamba.

Kadhalika mizizi yake. Mchikichi hauna mzizi mkuu uzamao chini sana kama miti mingine. Mizizi yake ni mingi, mfano wa nywele, na iliyo mingi kati ya hiyo ilishayo mti hukaa katika udongo wa juu, usiozidi kimo cha goti au paja. Udongo huo wa juu ndio uchukuliwao kwanza na maji ya mvua. Mtu aweza kuutazama mti wake umesimama wima, makuti yake kamili, asijue ya kuwa ghala yake imekwisha kuvunjwa.

Kuhusu ghala hiyo, hesabu ndogo yaweza kusaidia. Mvua ya milimita moja katika shamba la hekta moja ni lita 10,000. Mvua moja kubwa ya jioni, ya milimita 40, humwagia hekta hiyo lita 400,000. Swali si kama maji yamekuja, yamekuja tele. Swali ni yamekwenda wapi. Pale ambapo ardhi imefunikwa kwa majani makavu na mboji, tone la mvua huvunjwa nguvu kabla ya kugusa udongo, nao udongo, uliojaa matundu ya mizizi na ya wadudu, huyameza maji. Pale ambapo ardhi imepaliliwa ikaachwa uchi kama sakafu, jambo ambalo wengi hulihesabu kuwa ni usafi na bidii, tone huupiga udongo, chembe zake nyembamba huziba matundu, na maji hayaingii tena. Huteleza juu, hukusanyika, hupata kasi, na kuchukua kila kilicho chepesi. Kilicho chepesi ndicho chenye rutuba.

Juu ya mteremko wa Rumonge ipo miti ya miombo, na baadhi yake imo katika hifadhi ya msitu wa Rumonge. Tabia yake yastahili kutajwa. Kiangazi kikiwa bado hakijakwisha, kabla ya tone la kwanza la mvua, miombo huchipua majani mapya, mekundu kwanza kisha ya kijani, kwa maji yaliyobaki ndani ya mti na chini katika udongo. Mvua za kwanza, ambazo aghalabu ni kali na huikuta ardhi imekauka, hukuta dari imekwisha kuezekwa. Mizizi yake nayo huishi kwa ushirika na uyoga wa ardhini. Uyoga huo huongeza uwezo wa mti kupata chakula katika udongo mwekundu uliochoka, na watu nao hupata mboga. Ukikatwa mti, ushirika huo hufa pamoja nao. Kupanda mkaratusi mahali pake hurudisha kivuli na kuni, lakini hakurudishi yale yote.

Na kwa nini hukatwa? Jibu linachoma kidogo. Hukatwa kwa kupata mashamba ya mihogo, na kwa makaa yapelekwayo mjini. Hukatwa pia kwa kuni za kukaushia samaki, na za kuchemshia chikichi zenyewe. Katika mitambo midogo ya kukamua, chikichi huchemshwa ndani ya mapipa kwa saa nyingi kabla ya kuingia kwenye mtambo wa kuzungushwa kwa mkono, na pipa moja halitosheki na mzigo mmoja wa kuni. Mafuta ya tambarare, basi, yamepikwa kwa msitu wa mlima, na msitu huo ndio uletao maji ya kuzalia chikichi. Si watu wabaya wafanyao hivyo. Ni watu wenye kutafuta riziki ya leo, na kuni zilizo karibu ndizo rahisi.

Huenda mtu mwenye akili akauliza: tambarare hii yenyewe si imejengwa kwa udongo ulioshuka mlimani? Basi kuna hasara gani ukizidi kushuka? Swali ni la haki. Ni kweli kwamba ardhi nzuri ya Imbo imeletwa na mito, katika muda mrefu mno, ukoko juu ya ukoko. Lakini mto upitao katika nchi yenye miti huleta tope laini kidogo kidogo, na hulitandaza. Mto wa mlima ulio uchi huja kwa ghadhabu. Tope laini hulipeleka moja kwa moja hata ziwani, na shambani huacha mchanga na mawe. Tena mlima wenyewe waweza kushuka mzima mzima. Mwezi wa Machi 2015, mvua kubwa ilibomoa mteremko wa Gitaza, kaskazini ya Rumonge; watu walikufa, nyumba zilizikwa, na barabara ya Bujumbura ikakatika.

Dawa ya mteremko yajulikana tangu zamani: mifereji ichimbwayo kwa kufuata usawa wa mlima, si kwa kushuka nao, na juu ya kingo zake majani yenye mizizi mingi. Warundi huita mipaka hiyo imirwanyasuri. Katika wakati wa Wabelgiji kazi hiyo ilikuwa ya lazima, na asiyechimba aliadhibiwa. Mwaka 1962 uhuru ulipopatikana, mifereji mingi iliachwa, mingine ikafukiwa kwa makusudi, kwa kuwa ilinuka shuruti. Lawama haiwezi kuwekwa juu ya wakulima peke yao. Mtu aliyefundishwa jambo jema kwa fimbo huikumbuka fimbo.

Na ipo sababu nyingine, nzito kuliko hiyo, ambayo haifai kupitwa kimya. Mwaka 1972 pwani hii ilipatwa na msiba mkubwa. Wengi walikufa, na wengi walivuka kwenda Tanzania. Mashamba waliyoyaacha yalichukuliwa au yaligawanywa, na mengine yaliingia katika mpango wa michikichi. Waliporudi, khasa katika miaka ya 2000, walikuta mtu mwingine anavuna, naye pengine amezaliwa papo hapo. Ni nani mwenye haki katika kila kipande ni kazi ya mabaraza na ya wapatanishi. Lakini athari yake juu ya udongo ni dhahiri: asiyejua kama shamba litakuwa lake mwakani hapandi mti wa miaka 20, wala hachimbi mfereji, hulima muhogo, huvuna, na kungoja. Kila mzozo unaomalizwa kwa suluhu na kuandikwa, humfanya mtu mmoja aanze kufikiri juu ya mteremko wake.

Tope lililopita shamba huishia ziwani, na huko halipotei bila kufanya kitu. Samaki wengi wa Tanganyika wakaao karibu na pwani huishi na kutaga katika mawe. Tope likifunika mawe, hufunika malisho na makao. Mwaka 1993 wataalamu walitangaza uchunguzi wao uliofanywa katika sehemu ya kaskazini ya ziwa, wakiwa wameona ya kuwa mahali palipoingiwa na tope jingi palikuwa na aina chache za viumbe kuliko mahali pa maji safi. Ndagala na mukeke, wakaao maji ya wazi, wana shida ya namna nyingine. Ziwa hili lina kina cha mita 1,470. Chakula kingi cha viumbe vyake kimelala chini ambako hakuna hewa, na pepo za kiangazi ndizo zisaidiazo kukipandisha. Maji ya juu yakizidi joto, huelea juu ya yale ya baridi wala hayachanganyiki nayo kwa urahisi. Mwaka 2003 makundi mawili ya wataalamu yalieleza kuwa hivyo ndivyo ilivyokuwa ikitokea katika karne ya ishirini, na kundi moja likakisia ya kuwa ukuaji wa mimea midogo ya majini, ambayo ndiyo mwanzo wa chakula cha samaki, ulipungua kwa sehemu 20 katika 100. Uvuvi wa kupita kiasi nao una sehemu yake, bila shaka. Joto hilo halikutoka Kizuka; lakini yafaa kulijua, ili mvuvi asidhani kwamba nyavu peke yake ndizo zilizomwibia.

Kuhusu kupanda kwa maji ya ziwa, maneno mengi yamesemwa tangu 2021 na 2024, maji yalipoingia katika nyumba na mashamba ya Rumonge. Wengine wamesema tope la mito ndilo lililolijaza ziwa. Hesabu haikubali. Ziwa lina eneo la kilomita za mraba karibu 33,000. Kulipandisha mita moja kwahitaji kilomita 33 za ujazo. Hapana tope la mto wa Rumonge liwezalo kufanya hivyo. Ziwa hupanda mvua zikizidi katika nchi zote zilizolizunguka, kwani maji yake hutoka kwa mlango mmoja tu, mto Lukuga wa Kongo, na sehemu kubwa mno hutoka kwa kugeuka mvuke juani. Mvua za 1961 na 1962 zililipandisha hata likafikia kimo kikubwa mwaka 1964. Na karibu na mwaka 1878 lilikuwa limesimama juu zaidi, kisha Lukuga likafunguka kwa nguvu, na ziwa likashuka mita zipatazo 10 katika miaka iliyofuata. Maana yake ni kwamba sehemu za chini za tambarare hii, ambazo leo watu wanazipigania kwa hati na mashahidi, katika zama za babu wa babu zao zilikuwa chini ya maji. Ziwa halikuiba, lilikuja mahali lilipopata kukaa.

Sheria ya maji ya Burundi ya mwaka 2012 imeweka mita 150 kutoka ziwani zisijengwe, na mita 25 kando ya mito iingiayo humo. Walio wengi huziona amri hizo kuwa ni ukali wa serikali. Lakini kwa Mwislamu aliyesoma fikihi si jambo geni: wanazuoni waliweka tangu kale harimu ya kisima na harimu ya mto, yaani eneo la kando lisilomilikiwa na mtu, ili maji yasiharibiwe na wenye kuyatumia wasizuiwe. Matete na mafunjo yakiachwa yaote katika ukanda huo, hupunguza nguvu ya mawimbi na kuchuja tope.

Yabaki yale yaliyo mkononi mwa mwenye shamba dogo. Vikonyo vya mikungu baada ya kupuliwa chikichi, aghalabu hutupwa au huchomwa; vikitandazwa chini ya mti huoza, huhifadhi unyevu, na kuurudishia udongo chumvi ambazo mkungu ulizichukua. Makuti yaliyokatwa, yakilazwa kwa kukingama mteremko, hushika maji kama kizuizi. Nyuzi na maganda ya kokwa yatokayo mtamboni huwaka vizuri, na jiko lililojengwa kwa udongo kuzunguka pipa hula kuni chache kuliko moto wa mafiga matatu. Magugu mafupi yaachwe kati ya safu, yafyekwe badala ya kung'olewa, na shina peke yake ndilo lisafishwe kwa jembe. Kwa walio juu ya mteremko, kazi ya kwanza ni majani ya kingo na mifereji, maana huzaa matunda mwaka ule ule na ng'ombe hupata malisho. Miti huja baadaye. Mashimo yachimbwe kiangazi kabla ya ardhi kulowa. Miche iliyotiwa ardhini katika mwezi wa Oktoba hupata miezi saba au minane ya mvua kabla ya kukutana na kiangazi chake cha kwanza. Ile ipandwayo Aprili, kwa sababu ndipo magari ya wafadhili yalipofika, huwa na wiki chache tu.